Kutandua

Bibi shamba alituambia jina lake: matandazo.
Nikalipenda papo hapo.
Lina kitanda ndani yake, lina mtandio,
lina hata tandiko la punda.

Mwaka ule wa mkopo tulitandika nailoni,
nyeusi, ya kung'aa, toka kichwa cha tuta mpaka nyayo.
Ndahani akikanyagia kingo kwa udongo,
mimi nyuma yake natoboa
kwa kopo la maziwa lililopashwa moto:
tundu moja, mche mmoja wa nyanya.
Hadi adhuhuri nusu eka ilikuwa imevaa.

Sitasema uongo, ilitutendea wema.
Jua la Hombolo, lile lisilo na haya,
lilikuja kunywa likakuta mlango umefungwa.
Tulimwagilia mara mbili kwa wiki,
Malogo jirani yetu akipanda na ndoo toka bwawani kila alfajiri.
Magugu yaliota gizani, yakapauka, yakakata tamaa.
Matenga hamsini na matatu.
Deni likaisha, bati kumi na mbili zikapanda juu.
Ninalala chini ya nailoni ile hadi leo;
siwezi kuitukana mbele ya watu.

Ila kutandua hatukufundishwa.

Kutandika ni asubuhi moja.
Kutandua ni Septemba, ardhi ngumu kama kisigino,
unavuta hapa, inakatikia kule,
umeshika upana wa kiganja,
unabaki na upana wa kucha.
Nilijaza viroba tisa.
Iliyobaki nikaifukia kwa jembe, haraka haraka,
kama mkamwana afichaye vigae vya chungu cha mkwewe.

Upepo wa huku haufichwi kitu.
Oktoba ulifukua,
ukatundika vipande kwenye miiba ya migunga
hadi njia ya kanisani,
vitambaa vyeusi vinapepea
utadhani kijiji kizima kimefiwa
na mimi ndiye mwenye msiba.

Beberu wa Malogo, yule wa sikio moja,
alivimba siku tatu.
Walipompasua walikuta fundo, jeusi, limesokotana.
Malogo akalileta, akaliweka kizingitini pangu.
Hakudai fidia. Hakupaza sauti.
"Nimekurudishia shuka lako," alisema,
akaenda zake kuchuna ngozi.

Msimu uliofuata nilitandaza mabua ya uwele.
Mchwa walifika kabla sijanyoosha mgongo.
Ng'ombe nao wakaja,
hawakuuliza kitanda ni cha nani.
Ndahani alicheka hadi akakaa chini.
Nikaongeza mabua. Wakaongeza midomo.

Ndipo bibi shamba akarudi na gombo jingine,
rangi ya chai ya maziwa, limetengenezwa kwa wanga wa mahindi,
bei mara tatu.
"Hii inaoza yenyewe ardhini."
Nikamuuliza, kwa maji gani?
Hapa hata kuoza kunasubiri mvua.
Alinyamaza, akaliandika swali langu katika daftari lake.
Tukatandika matuta mawili, ya kujaribia.

Leo ni Desemba, imenyesha mara moja, ya kulowesha vumbi tu.
Napita na jembe nikisoma kilichoandikwa chini.
Kwenye matuta mawili, ile ya wanga imelegea,
mzizi wa mlenda umepenya katikati bila kubisha hodi,
ingawa kwenye kingo, palipo pakavu, bado inanikunjia uso.
Kwenye mabua, nusu haipo,
na udongo wa pale unashikana mkononi
kama ugali uliosongwa na anayejua.
Nimelikubali godoro linaloliwa na anayelilalia.

Na hapa, pembeni, jembe limeinua kitu.
Nakipangusa kwa kidole gumba.
Ni cheusi, kinang'aa, hakijachakaa hata kidogo,
miaka sita, na tundu la kopo langu lingali la duara.

Nakitia kwenye kiroba cha kumi.
Hakijajaa.