Sentimita Sitini

Nilifika na futikamba ya chuma na nakala ya sheria ndogo,
Jumanne, mvua imekatika, tope la Aprili linang'ang'ania viatu.
Ibara ya saba: kati ya mzinga na mpaka wa jirani, mita kumi.
Vinko alinishikia ncha moja bila kuombwa,
tukaivuta juu ya nyasi hadi uzio wa Zdenka.
Mita tisa na sentimita arobaini.

"Sitini tu," akasema,
kama mtu anayepatana bei ya viazi.

Ng'ambo ya uzio Zdenka alifungua mkoba,
akatoa bomba la sindano, lile analokwenda nalo hadi kanisani,
na picha ya Matic, miaka sita, Julai iliyopita:
macho yamezibwa na uvimbe, midomo si yake.
"Gari la wagonjwa," akasema hatimaye, "dakika kumi na moja."
Nikaikunja futikamba.
Nikaikunjua tena, nisijue naikunjulia nini.

Kisha akanyoosha kidole. "Na ule ubao?"
Mizinga ya huku hupakwa picha usoni, ni desturi;
wa tatu una shetani
ananoa ulimi wa mwanamke kwenye kinoo.
"Yule ni mimi."
"Yule kachorwa na babu yangu, wewe hujazaliwa!"
Nilipekua ibara zote, na kiambatisho.
Hakuna inayohusu ndimi.

Vinko ndiye aliyenifunza kisichoandikwa:
nyuki huhamishwa kilomita tatu, au shubiri moja.
Ukiwaweka katikati ya hapo
watarudi palipokuwa na mlango,
wazunguke hewa tupu mpaka baridi iwaangushe.
Nikampa wiki.
Kila jioni, wakishalala, shubiri.

Niliporudi: mita kumi na vidole viwili.
Nikagonga muhuri juu ya boneti ya gari.
Shetani bado ananoa.
Mtufaha wa Zdenka ulikuwa umechanua,
unavuma wote, kuanzia shinani,
na sheria yangu hupima chini tu, haina ibara ya angani.

Dirishani, nyuma ya kioo kilichofungwa,
Matic alikuwa akimfuata nyuki mmoja kwa kidole,
kutoka uani hadi mzingani, na kurudi,
polepole, bila kukinyanyua,
akiacha alama ya jasho kwenye kioo.