Tundu la Tatu

Ubao ulitoka kwenye robota la mitumba, Mwanjelwa,
kati ya makoti ya watu wanaojua baridi nyingine.
Muuzaji alidhani ni mlango wa kabati.
Nikamwacha adhani hivyo, bei ikashuka.

Una matundu manane, manne mbele, manne nyuma,
na hauna cha kushikia mguu.
Mwenye nao wa kwanza aling'oa vifungo vyake,
kama mtu auzaye ng'ombe akabaki na kengele.

Matamba, mwezi wa saba. Sakitu imelala
juu ya matuta ya viazi, juu ya pareto,
juu ya nyasi za mteremko ulio nyuma ya josho
mpaka kule ambako hakuna njia ya mtu wala ya kondoo.
Kule ndiko ninakotaka kushuka.

Nilianza na mpira wa ndani wa baiskeli.
Mpira ni mtumishi anayeitika "naam" akiwa bado kalala:
nikauambia mguu geuka, mguu ukauambia mpira,
mpira ukavutika, ukafikiri, ukapiga miayo,
na habari ilipoufikia ubao
mimi nilikuwa tayari katika ngano ya kina Mahenge,
mdomo umejaa udongo wa watu.

Nikaenda kwa Fundi Ambilikile,
kibanda chake kinatazamana na mashine ya kusaga.
Hakucheka. Aliugeuza ubao, akaunusa,
akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chuma.
"Hiki ni kisu," akasema. "Nani anapanda kisu?"
Nikamwonyesha mlima kwa kidevu.
Akaniuliza neno nisiloulizwa hata siku ya posa:
"Unataka kushikwa, au unataka kusikika?"

Nikasema vyote.
Akasema vyote ni bei nyingine.

Tukaelewana kwa magunia mawili ya viazi, moja baada ya mavuno.
Akachagua ngozi ya maksai, ya shingoni,
pale nira ilipokaa miaka saba isipenye.
Nyuma ya kifundo akasimamisha kipande cha pipa la bluu,
akakipasha moto mpaka kikalikubali umbo shavu la mguu wangu.
Nati alizitoa duka la spea za pikipiki.
"Egemea nyuma," akasema. Nikaegemea,
na ubao, palepale sakafuni, ukainua pua.

Nilidhani tumemaliza.

Kumbe kigumu mno nacho ni mbeya.
Kila kokoto, kila mzizi, kila kinyesi kilichoganda
kilisimuliwa mpaka gotini, tena kwa chumvi.
Nilishuka nikijua habari zote za mlima
isipokuwa ile niliyoihitaji: wapi pa kukunjia.
Usiku ule magoti yangu hayakulala.
Asubuhi nilishika jembe kama bibi arusi anayeogopa kuchafuka.

Fundi akapunguza pipa vidole viwili.
Akatia kipande cha ndala chini ya kisigino.
Ukanda akautoboa kwa msumari uliopashwa moto:
tundu la kwanza, kwa siku ya nyasi zenye maji;
la pili, aliharibu;
la tatu, akasema, nisilitumie kabla sijalifahamu.

Leo nimelitumia.
Alfajiri, buti la mgambo limebanwa hadi damu ikauliza kulikoni,
nimesimama juu ya josho, pumzi inatoka nyeupe.
Sikuuambia mguu kitu.
Niliutazama tu upande wa kushoto,
kule nyasi zinakojikunja kuelekea bondeni,
na ubao ulikuwa umeshakwenda.

Sitasema nilishuka vizuri.
Bega langu la kulia lina rangi ya zambarau iliyoiva
na ukanda wa nyuma umekatika penye lile tundu la pili.
Nimekaa kibandani, mguu mmoja chini, mmoja juu ya kigoda.
Mashine ya kusaga inanguruma, vumbi la unga linatua kwenye ngozi.
Ambilikile ana msumari mdomoni.
"Ulikusikia?" anauliza.
Namjibu: kabla sijasema.
Anachochea makaa.
"Basi leta gunia la pili."