Muhuri wa Daraja

Kibanda changu kipo River Road, chini ya ngazi,
kati ya muuza saa na fundi wa simu.
Nachonga mihuri ya mpira: shule, zahanati,
mawakili watatu, na tapeli mmoja
aliyenikimbia na deni.

Jumanne akaja mama mmoja, tope limemkaukia viatuni.
Mhandisi. Wanajenga kivuko Mathare,
watoto wasivukie tena juu ya bomba la maji taka.
Akaandika nyuma ya risiti:
INÉS ALCÁNTARA.
Nikamuuliza, hivi vikia juu ya herufi vya nini?
Mpira hauna huruma, kitu chembamba hukatika.
"Vichonge tu," akasema. "Ndivyo vinavyoniambia
nipaze sauti wapi."

Na jina ni la nani?
La mji, akasema. Mdogo, huko Uhispania,
karibu na mpaka wa Ureno.
Mji ulichukua jina la daraja lake la mawe,
na waliohama wakaubeba mji mgongoni
hadi ukawa ukoo.

Maalim Shee, aliyengoja muhuri wa madrasa,
akainua macho kutoka gazetini.
"Al-qantara," akasema. "Daraja.
Warumi walijenga, Waarabu wakaita.
Hiyo *al* ilikuwa kofia tu,
wenyeji wakaishonea kichwani."

"Najua," akasema yule mama, polepole.
"Nilisoma. Ila sijawahi kulisikia
likitoka kinywani mwa mtu.
Rudia."

Maalim akarudia.
Fundi wa simu akazima redio.

"Nawe, fundi?"
Oyoo, nikamwambia. Mzaliwa wa njiani.
Mama alikuwa akikimbilia Pumwani kujifungua,
mimi nikatokea Jogoo Road, sikungoja kitanda.

Muhuri huchongwa kinyume.
Nikaanzia kulia, nikaelekea kushoto,
kama Maalim asomavyo,
na machoni pa mpita njia ilikuwa ARATNÁCLA,
neno la watu wasiokuwepo.
Kisu kikateleza kwenye Á.

Nikaugonga ukingoni mwa gazeti.
Jina likageuka, likasomeka,
kikia kimoja hakipo.
Nikampunguzia shilingi hamsini.
Akakataa. Akasema
kila aliyelishika jina hili
alilikata mahali.

Hamsini nikazipokea.
Kodi ya kibanda haijui Kiarabu.