Nusu Ukurasa

Wameniletea maisha yake katika nusu ukurasa
niyatie Kiswahili kabla ya Ijumaa,
yachapwe nyuma ya karatasi ya mchezo
chini ya tangazo la duka la saruji.

Loretta Simms-Akers, mwandishi wa tamthilia.
Tamthilia kumi na moja. Tuzo tatu.
Anaishi na kufanya kazi New York.

Tayari nimekwama. Hapa Lubumbashi
vitenzi hivyo viwili havilali kitanda kimoja:
mtu huishi Katuba, kazi huifuata iliko.

Umeme umekatika tangu saa moja.
Mshumaa nimeusimamisha kwenye kopo la maziwa ya unga,
na ng'ambo ya dirisha Mama Chola anakaanga mikate,
moto wa makala ukimmulika kidevu.

"Tamthilia yake ya kwanza ilichezwa chini ya kanisa."
Nikaandika: chini ya ardhi. Nikafuta.
Kwetu anayeingia chini ya ardhi
huingia na gunia na tochi kipajini,
na mama yake halali mpaka asikie mlango.
Nikaandika: katika chumba ambamo kanisa huweka viti vibovu.
Maneno mengi, lakini hakuna atakayekufa.

"Ya pili ilifungwa baada ya siku tisa."
Kufungwa. Neno hili naujua uzito wake.
Lilifunga benki, lilifunga shule ya watoto wa kampuni,
likafunga tanuru la baba yangu, Kishimba,
akarudi na taulo, sahani ya bati, na bahasha
nyembamba kuliko barua ya posa.
Hata mwaka uliofuata aliamka saa kumi na moja,
akavaa viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda
akingoja king'ora.
Sijui kama Loretta naye, usiku wa kumi,
alivaa viatu.

Nilimsomea Mama Chola kupitia dirishani.
Alisikiliza huku akigeuza mikate. Tuzo hazikumshtua.
"Rudia pale kwenye miaka," akasema.
Nikarudia. Yeye huhesabu madeni ya mtaa mzima bila daftari.
"Kati ya ya pili na ya tatu ni miaka sita.
Alikuwa anakula wapi?"

Nikamwandikia. Jibu lilifika alfajiri, mstari mmoja na nusu:
nilikuwa napokea simu kwa daktari wa meno;
hapo ndipo nilipojifunza kwamba mwenye maumivu
huanza kwa kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha.

Ya tatu ndiyo hii tunayoicheza:
dada wawili, nyumba ya mama marehemu,
na funguo ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.
Siku ya kwanza ya mazoezi, ukumbi wa parokia, mtaa wa Kenya,
Nsenga alishusha karatasi katikati ya kilio:
"Na bajomba? Bajomba beko wapi?"
Tukacheka hadi padri akachungulia.
Lakini alisema kweli. Nyumba ya marehemu
haikai siku tatu bila mjomba.
Loretta hakukasirika. Alitutumia mjomba:
hana neno hata moja, ameketi pembeni
toka mwanzo hadi mwisho, kofia magotini.

Hilo halimo katika wasifu.

Mchapaji anataka maneno themanini, yanayozidi yanalipiwa.
Nimekata tuzo moja. Nimekata chuo kikuu.
Daktari wa meno nimembakiza.
Atanisamehe, au hatajua.

Sasa tumebakiwa na tatizo la kofia.
Baba anayo moja, ya kampuni, ya plastiki ya manjano,
namba yake bado inasomeka. Nilimwomba juzi, nikamwomba jana.
Leo, bila kuniangalia, akimenya karanga:
"Kofia hii siiazimishi.
Kama kazi yenyewe ni kukaa na kunyamaza,
niambieni tu saa."