Barafu ya Akonkwa

Saa tisa na nusu za usiku, Kadutu ni giza,
umeme umekatika tangu juzi, na simu inatetemeka
chini ya mto wa Mama. Ni Akonkwa.
Huko kusini mwa Amerika bado ni jana,
mchezo umefika mapumziko ya pili
na kaka yangu anapanda mashine yake.

Anaitia simu mfuko wa shati, jicho lake nje,
nasi tunaona anachokiona: weupe,
weupe uliokwaruzwa na visu vya viatu.
Akikata kona ndipo tunauona alikopita,
umenyooka, unang'aa,
shuka iliyotandikwa na mtu asiye na haraka.

Mji wenyewe ni wa joto, anasema, joto la Uvira.
Mwezi wa kumi, na watu wanakuja na kandambili
kutazama wanaume wakigombea kisahani cha mpira mweusi
kwa fimbo zilizopinda.
Si timu kubwa. Ni divisheni ya chini ya ile ya chini.
Golikipa mchana hubadilisha matairi,
nahodha anauza bima za mazishi.
Leo watazamaji ni mia tatu na kumi,
ukiwahesabu na wauza bia.

"Na wanapigana?" Mama huuliza kila mara.
Wanapigana. Refa anangoja wachoke.
Damu, anasema, haizami, inakaa juu juu,
nikipita mara moja imekwisha.

Hapo Mama ananyamaza.
Hapa kwetu kuna kona moja, chini ya shule,
imenyeshewa masika mawili
na bado tunavuka kwenda upande wa pili.

Kisha anarudi kwenye biashara yake:
"Hiyo unayoikwangua, mnaipeleka wapi?"
Nje, Mama. Nyuma ya jengo, kilima kizima.
Watoto wa wafagiaji wanakirukia kwa mikono mitupu,
ikifika asubuhi ni tope.
"Tope!"

Mama, ambaye kipande cha kilo tano
anakinunua Muhanzi kwa mwenye jenereta,
anakifunika kwa pumba za mbao, kwa gunia, kwa kitenge chake mwenyewe,
anakipandisha mlima mgongoni kama mtoto mwenye homa,
na kikifika kwenye samaki zake
kimebaki kilo tatu, na mgongo umelowa.
"Tope," anarudia, polepole,
kama mtu aliyetajiwa msiba wa jamaa wa mbali.

Mwaka kesho huenda timu ikauzwa.
Timu kule huuzwa, na jina lake, na jezi zake,
kama pikipiki na kofia yake.
Akonkwa hajui
kama dereva wa mashine yumo ndani ya bei.

Filimbi. Lazima ashuke.
"Ninyi mna ngapi?"
Tumefungwa sita, tumepata moja.
"Na barafu?"
Kimya kidogo. Katika kioo cha ukingo
namwona: kivuli tu, kofia na bega.
"Barafu imelala vizuri, Mama."
"Basi."

Anafunga kitenge,
anatafuta kandambili kwa mguu gizani,
ananituma gunia.