Mizani ya Kisongo

Saa kumi na moja alfajiri, Kisongo hakuna mlima.
Ukungu umeimeza Meru, umemeza na ghala la mafuta,
na Sifaeli Nnko, mpima mizigo, ni tochi tu inayotembea.
"Kapteni," ananiita, mimi ninayemwamkia shikamoo,
"leo una roho elfu mbili."

Vifaranga. Wa siku moja. Maboksi ishirini yenye matundu;
ukiwa mbali utadhani mtu anakaanga vitunguu.
Nyuma yao betri za sola, tairi mbili za trekta,
katoni za dripu,
na keki ya harusi niliyopewa na mama mmoja wa Njiro
kwa macho ya mtu anayekabidhi mtoto.

Sifaeli hupima kila kitu. Boksi, tairi, keki.
Na mimi hunipima, bila haya:
"Sitini na nane. Jana ulikwenda kwa mama, ukala ndizi."
Anaandika. Kwake ndege ni utungo wa kale:
mizani ikizidi mkiani,
ubeti mzima unaanguka.

Mama, kule Ngaramtoni, bado hajazoea.
"Leo ulibeba watu wangapi?"
Namjibu kwa kilo. Anaguna.
Kijana wa jirani anaendesha basi la Singida,
abiria wanamjua kwa jina, wanamletea asali.
Ni kweli. Mizigo haipigi makofi tairi zikigusa ardhi.
Betri haisemi Mungu mkubwa.
Ekari mbili za kahawa ziliuzwa nisomee anga;
nikipaa juu ya mibuni ya Burka
huwa sitazami chini.

Saa moja kasoro, ukungu unafunguka kidogo tu,
kama mlango wa mtu anayechungulia mdai.
Mnara unaniruhusu. Naenda.
Meru inachomoza bega kwanza, halafu shingo,
halafu jua lote linanimwagikia usoni.

Futi elfu kumi. Vifaranga wanataka joto;
hita nimeifungulia mpaka mwisho,
shati limenigandia mgongoni, jasho linaingia machoni.
Tulipofika Manyara, ukuta wa Bonde la Ufa
ulitutupa juu, ukatuachia.
Wote elfu mbili wakanyamaza.

Injini nazijua zikizima; nimefundishwa la kufanya.
Kimya kile sikufundishwa.
Nikageuka, rubani mzima, nikawaambia maboksi:
"Tulieni jamani, ni upepo tu, tunapita."
Mmoja akajibu.
Kisha kitunguu kikaanza tena kukaanga.

Haydom, mbuzi uwanjani. Nazunguka mara moja
mpaka mtoto wa shati jekundu amalize kuwafukuza.
Bura Tluway anafungua boksi moja moja,
anahesabu kwa kidole, midomo ikitembea.
"Kumi na mmoja wamekufa." Natia sahihi.
Keki imehama, ua moja la sukari limevunjika;
kaka wa bibi harusi anakula ushahidi.

Kurudi, ndege tupu hurukaruka kama ndama.
Juu ya Mbulu nikasikia kitu kinalia, chembamba,
nikasema beringi.
Nikasoma mishale yote, mmoja mmoja,
mafuta, joto, mgandamizo. Yote mizima.
Kitu kikaendelea kulia hadi Kisongo.

Alikuwa nyuma ya wavu wa mizigo,
amejikunja ndani ya glovu yangu niliyoipoteza Machi.
Sifaeli akamweka katikati ya mizani ile ya magunia.
Mshale haukutikisika.
Akaugonga kwa ukucha. Wapi.
Akavaa miwani, akalowesha penseli kwa ulimi,
akafungua daftari, akatafuta safu ya kumwandika.

Uzito: hakuna, aliandika.
Kisha akafuta.