Moto Usiozaa Jivu

Daktari aliandika neno moja: moshi.
Mama akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kopo la chai.
Mapafu yamechoka, Bi Dympna. Chagua
pumzi au meko.

Siku nne hakusema kitu. Ya tano akavaa koti la kanisani.
"Malachy, nipeleke Tullamore
nikanunue moto."

Dukani ilipangwa ukutani, mioto kumi na saba,
yote inawaka, hakuna hata mmoja unaounguza.
Muuzaji, kijana, jina Fiachra limebandikwa kifuani,
akabonyeza rimoti: chungwa. Akabonyeza: buluu.
Akabonyeza tena, ndimi zikageuka zambarau
kama vazi la padri wakati wa Kwaresima.
"Huu una na sauti," akasema, na kuni zisizokuwepo
zikaanza kupasuka ndani ya spika.
"Mwanangu," mama akamwambia, "udongo wetu
haukuwahi kupiga kelele. Nyamazisha."

Kweli haukuwahi.
Baba aliukata kinamasini kila Mei, tofali kwa tofali,
mweusi, umelowa kama mkate usioiva.
Sisi watoto tuliyasimamisha matano matano, yapigwe na upepo,
visubi wakitutafuna masikio,
na Septemba yakarudi kwenye trela, mepesi.
Yaliwaka polepole, kama mtu asiyedaiwa.
Huko Dublin, bwenini, walinijua kwa harufu
kabla ya kunijua kwa jina.

Sasa tunachagua magogo ya plastiki.
Ule mpana, mama akasema, ni televisheni iliyokosa habari.
Ule mwingine makaa yake yang'aa
kama peremende zilizolambwa zikarudishwa.
Aliinamia kila mmoja, akanusa.
Akanusa! Kijana akanitazama.
Nikatazama viatu vyangu.

"Ni upi," akauliza mwishowe, "unaodanganya kidogo?"

Fiachra, Mungu ambariki, hakucheka.
Akatupeleka nyuma kabisa, karibu na stoo,
kwenye kasha dogo la chuma lenye mlango:
taa mbili, na kipande cha bati kinachozunguka
kutupa vivuli.
"Ukichungulia kwa juu, bati lenyewe unaliona."
Mama akachungulia. Akaliona.
"Huu. Angalau unaonyesha mifupa yake."
Euro mia mbili na kumi na tisa. Alilipa kwa noti
na risiti akaihesabu kana kwamba nayo ni pesa.

Jirani yetu Ultan alikuja kuziba dohani.
Kikaanguka kiota cha kunguru, masizi ya miaka tisini,
na kijiko cha chai
ambacho hakuna aliyeweza kukieleza.

Paka akaja, akatazama, akajilaza. Yeye hakuwa na swali.

Saa nne usiku mama akainuka, kama kila usiku
tangu alipoolewa katika nyumba hii,
kulifukia kaa chini ya jivu, lipulizwe alfajiri.
Mkwewe alimkabidhi kaa hilo, naye alikabidhiwa.
Akapiga magoti, koleo mkononi.
Moto huzaa jivu, ndivyo tulivyoambiwa;
huu ni tasa.
Akabaki hivyo, magoti sakafuni, mbele ya bati linalozunguka,
mkono ukitafuta kazi.

Kisha akauliza kama unaweza kuwaka bila joto.
Unaweza, nikamwambia. Swichi ya pili, hapo ubavuni.
Hula umeme kiasi cha taa ya friji.
"Moto usio na joto," akasema. "Makubwa."
Akazima joto. Mwanga akauacha.
Koleo akalirudisha msumarini.

Niliondoka. Kutoka barabarani ungeona dirisha likicheza,
rangi ya chungwa, kivuli, rangi ya chungwa,
na juu ya paa hapafuki kitu:
mpita njia angeapa wenyewe wamehama.

Nilikuwa nimeshafika njia panda ya Clara
ndipo nikazigusa mfukoni,
mbili, baridi, bado ziko kwenye nailoni yake:
betri za rimoti.